Rimoti ya kuwashia gari: ujiko wote uko kwenye waya mmoja!

KAMA wewe ni mtu wa kukaa kwenye baa zenye maegesho mbele, lazima umeshamwona huyu jamaa. Anamaliza soda yake taratibu, hana haraka, anaingiza mkono mfukoni na kubonyeza kitu. Kule nje gari linawaka lenyewe, ndani hamna mtu. Taa zinapepesa, feni ya AC inaanza kuvuma. Meza ya jirani wote wanageuza shingo. Yeye anajifanya hajaona, anaomba bili.

Basi huo ndio ujiko wa rimoti ya kuwashia gari, na mimi sina ugomvi nao. Jua la Dar mwezi wa pili unalijua mwenyewe. Gari likikaa nje saa mbili tu, usukani haushikiki na kiti kinakuchoma mapaja. Ukiliwasha dakika tano kabla, unaingia kwenye ubaridi kama unaingia benki. Nani hataki?

Ila kuna nusu ya pili ya sinema ambayo jamaa hasimulii. Asubuhi moja, nyumba nzima bado imelala, anabonyeza rimoti yake akiwa bafuni. Injini inawaka, lakini kelele haziishi. Krrrrrrrr! Utadhani mtu anasaga kokoto kwenye ndoo ya bati. Stata imeng'ang'ania, inazunguka na injini ambayo imeshawaka kitambo. Majirani wanachungulia dirishani, na jamaa anatoka na taulo.

Huyo jamaa ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, bishoo wa kutupwa. Ana Corolla ya miaka ya 1990 anayoipenda kuliko ndugu zake. Alinunua rimoti yake Kariakoo, akaipeleka kwenye gereji bubu moja ya uchochoroni ambayo siitaji, na saa moja na nusu baadaye akarudi anang'aa. Wiki tatu tu, stata ikafa. Ilipofunguliwa, bendiksi meno yake yameliwa kama mhindi wa kuchoma.

Hapo ndipo tulipokwenda kwa mzee mmoja, fundi rewaya wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Tukampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Akalala chali chini ya usukani, akavuta boksi jeusi la rimoti na kukagua nyaya zake mmoja mmoja. Akakuta mmoja wa zambarau wenye mstari mweupe, umekunjwa, umefungwa tepu, haujaunganishwa popote.

"Huu ulitakiwa kwenda wapi?"

"Fundi alisema hauna kazi, mzee."

Mzee akatabasamu kidogo. "Huu ndio macho yake. Boksi lako ni kipofu, mwanangu."

Kipofu vipi?

Hebu fikiria unavyowasha gari kwa ufunguo. Unazungusha, stata inalia, injini inashika, sikio lako linasikia mlio umebadilika na mkono unaachia wenyewe. Hata hufikirii. Kazi yote hiyo ya kujua "tayari imewaka" unaifanya wewe.

Boksi la rimoti halina sikio. Lenyewe linafungua swichi, linasubiri kidogo, linapeleka umeme kwenye stata. Sasa liachie lini? Likiwahi, injini haijashika, inazimika. Likichelewa, stata inasagwa. Na stata si kitu cha kuchezea. Hata kwenye gari dogo inakula ampea mia na zaidi inapozunguka, ndiyo maana imetengenezwa ifanye kazi sekunde chache tu na kupumzika.

Ndipo unapoingia waya wenyewe, ule wanaouita waya wa RPM. Unapeleka kwenye boksi mapigo ya injini, yaleyale yanayousukuma mshale wa mizunguko kwenye dashibodi. Kama gari lako halina mshale huo usikate tamaa, mapigo yapo, ni mshale tu uliokosekana.

Hesabu yake ni rahisi. Injini ya silinda 4 yenye koili moja inapiga cheche 2 kila inapozunguka mara moja. Ikiwa kwenye sailensa, mizunguko 750 kwa dakika, unapata mapigo 25 kila sekunde. Wakati stata ndiyo inayoisukuma, mizunguko inaweza kuwa kama 200 hivi kwa dakika, yaani mapigo hayafiki 7 kwa sekunde. Kati ya 7 na 25 hata mtoto wa chekechea anaona tofauti. Boksi likiona namba zimepanda ghafla, linakata stata palepale.

Mafundi wengi wa haraka haraka wanaukwepa waya huu kwa sababu kuutafuta kunachukua muda. Wanaliambia boksi likisie kwa kutazama betri. Na kweli, betri inazungumza. Stata ikizunguka umeme unashuka kwenye volti 10 hivi, injini ikishika na altaneta ikianza kuchaji unapanda hadi 13 na nusu au 14 na ushee. Kwenye gari zima lenye betri mpya hilo linaweza kwenda. Lakini angalia magari yetu! Betri imechoka, vichwa vyake vina ukungu wa kijani, redio ina spika nne, AC imeachwa wazi. Umeme unapanda pole pole, boksi linasubiri, stata inalia. Kuna wengine wanaliwekea muda tu: zungusha sekunde moja, basi. Injini ikiwa ya moto inashika upesi, muda uliobaki wote stata inasagwa bure.

Na waya huu hauishii kwenye kuwasha. Injini ikizimika yenyewe wewe ukiwa ghorofani, boksi linajua. Ikipandisha resi ovyo, linazima. Lisilo na macho litakaa na swichi wazi hadi betri iishe, huku wewe ukidhani gari linapoa.

Wenzetu hawachezi

Rimoti hizi kwao hasa ni nchi za theluji. Mtu wa Winnipeg, Canada, mwezi Januari ambako baridi hushuka hata kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, hawashi gari kwa ujiko. Anataka barafu iyeyuke kwenye kioo kabla hajatoka. Japani nako, hasa kule Hokkaido kaskazini, vifaa hivi vinatumika sana. Ndiyo maana baadhi ya magari ya mtumba yanashuka bandarini yakiwa na kiantena kimebandikwa kwenye kioo cha mbele na kiboksi usichokielewa chini ya usukani. Ukikikuta kwako usikimbilie kukikatakata. Huenda fundi Mjapani ameshautafuta waya huo zamani, umebaki kazi ya kuufuata.

Haya, tuseme gari lako halina. Unaanzia wapi?

Kwa Toyota za miaka ya 1990, kama ya binamu, mzee hakusumbuka. Alifungua boneti akaonyesha kijiboksi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukikifungua, chini ya kifuniko kuna ramani ya vitundu, na kimoja kimeandikwa IG na alama ya kutoa. Hicho ndicho. Mapigo ya injini yanatoka hapo safi kabisa, wala huna haja ya kupasua dashibodi. Unaunga kwa nyuma ya soketi, unapitisha waya wako kwenye mpira ule unaoingiza nyaya ndani ya gari, basi. Ila upitishe mbali na ekzosi, mbali na mkanda, na usiufunge pamoja na nyaya nene za plagi. Zile zina fujo, zitaupa mapigo ya uongo.

Toyota za baadaye, akina Vitz, IST na wenzao, tazama chini ya dashibodi upande wa dereva. Kuna soketi ya vitundu 16, ile fundi anayochomeka mashine ya kupimia. Marekani ililazimisha soketi ya aina hiyo kuanzia magari ya mwaka 1996 na watengenezaji wengine wakafuata. Ukiitazama ule upande mpana ukiwa juu, cha kwanza kushoto juu ni namba 1, na cha chini yake ni namba 9. Kwenye Toyota nyingi hiyo namba 9 ndiyo yenye mapigo. Nimesema nyingi, sijasema zote. Ipime kwanza.

Gari si Toyota? Kama ni la zamani lenye koili moja, nenda upande wa hasi wa koili, ule usio na umeme wa kudumu. Hapo uwe na adabu, kwa sababu injini ikiwaka waya huo unarusha volti mia kadhaa na utaukumbuka. Kama kila plagi ina koili yake juu, mimi nisingegusa huko, maana ukiunga vibaya gari linaanza kumisi na utazunguka gereji zote za mji. Afadhali nozeli za petroli. Kila nozeli ina nyaya mbili. Mmoja una rangi inayofanana kwenye nozeli zote, huo ni umeme tu, achana nao. Mwingine ndio unaobeba mapigo kutoka kwenye kompyuta ya gari, na mara nyingi rangi yake hutofautiana kutoka nozeli moja hadi nyingine. Unachukua huo, wa nozeli moja, yoyote.

Wenye dizeli msinune. Kwenu hakuna cheche, lakini altaneta nyingi za dizeli zina mguu ulioandikwa W, nao unatoa mapigo kadiri injini inavyozunguka.

Rangi usiziamini

Hapa ndipo palipomponza fundi wa kwanza, kama kweli alijaribu. Watu wanakariri rangi. "Kwenye Mark II ni mweusi wenye mstari mwekundu," anasema, na anakata. Kumbe gari limeshapita mikononi mwa mafundi saba na nyaya zimebadilishwa kama nguo za sikukuu. Rangi ni fununu tu. Shahidi ni mita.

Na mita yenyewe si lazima iwe ya bei mbaya. Ile ndogo ya namba inayouzwa hata barabarani inatosha. Siri iko kwenye kuiseti. Iweke kwenye volti za mawimbi, alama ya V yenye kijistari kilichopinda kama nyoka, kipimo cha 20. Usiiweke kwenye volti za mstari ulionyooka, kwani huko kila waya wenye umeme utakudanganya kwa kusoma 12 na utafurahi bure. Mguu mweusi uguse chuma cheupe cha bodi kisicho na rangi. Mwekundu uguse waya unaoushuku. Injini iwe imewaka, iko sailensa.

Waya wenyewe kwa kawaida utasoma kati ya volti 1 na 6. Sasa mwambie mtu akanyage resi kidogo. Namba ipande pamoja na mlio wa injini, akiachia ishuke. Ikipanda na kushuka na mguu wake, umeupata. Ikibaki palepale, au ikiwa sifuri, tafuta mwingine. Kama mita yako ina kipimo cha Hz ni raha zaidi. Kwenye waya wa koili wa silinda 4 sailensa itasoma 25 hivi, na ukifika mizunguko 1,500 utaona 50, sawasawa na umeme wa TANESCO nyumbani kwako. Kwenye nozeli namba zitakuwa ndogo kuliko hapo, usishtuke, nozeli inapiga mara chache kuliko koili.

Mzee alimpa binamu mita ajaribu mwenyewe. Binamu akagusa, akasoma 2 na pointi. Mimi nikakanyaga resi, ikaruka. "We!" akapiga kelele, kama mtu aliyepata namba ya simu ya mrembo.

Kuna vitu viwili mzee alivikatalia kwa ukali. Kwanza ile bisibisi yenye taa ndani, au balbu yenye nyaya mbili, ambayo mafundi wengi ndiyo mita yao. Balbu inakula umeme. Ukiigusisha kwenye waya mwembamba wa kompyuta ya gari unaweza kuiunguza, na bei ya kompyuta ukiisikia utatamani kupanda daladala maisha yako yote. Pili, nyaya za njano zilizovalishwa mfuko wa njano karibu na usukani. Hizo ni za mfuko wa hewa. Usipime, usivute, usikate. Ule mfuko unafumuka kwa baruti, na wewe umeuinamia.

Ukishaupata, uchune kidogo bila kuukata, uzungushie waya wako, upige risasi, ufunge tepu. Kusokota kwa vidole tu ni kujitafutia kesi. Barabara zetu unazijua, mashimo ya mwezi mmoja yanaufungua.

Halafu boksi lifundishwe. Wengi wanasahau hapa, wanaunga vizuri na bado inasumbua. Boksi halijui injini yako ina mapigo mangapi mpaka ulionyeshe. Kwa vifaa vingi unawasha gari kwa ufunguo, unaliacha litulie kwenye sailensa, unabonyeza na kushikilia kitufe mpaka kitaa kikupepesee. Utaratibu kamili uko kwenye kile kikaratasi ambacho binamu alikitupa pamoja na boksi la kadibodi. Na ukibadilisha injini siku moja, lifundishe upya.

Kabla hujakurupuka

Wewe mwenye gari la gia za mkono, nisikilize. Boksi haliangalii gia. Umeegesha kilimani, umeacha gia namba moja kama ulivyofundishwa, halafu uko dirishani unabonyeza. Stata inalirusha gari mbele, na kama injini itashika, hendibreki yako unajua mwenyewe inavyokaba. Mbele kuna ukuta, au kuna mtoto anachezea tairi. Viko vifaa vilivyotengenezwa kwa gia za mkono, vyenye utaratibu wa kulazimisha gari liachwe huru kabla hujashuka, lakini ukiniuliza mimi, rimoti hii ni ya gari la otomatiki. Na hata otomatiki, waya wa breki na kile kiswichi cha boneti viungwe. Kiswichi hicho ndicho kinachozuia gari kuwaka fundi akiwa ameingiza mikono kwenye feni.

Na kama gari unalilaza ndani ya banda lenye milango ya kufunga, usiliwashe kwa rimoti humo. Moshi wa gari una kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na inapenya hadi chumbani. Watu wamekufa hivyo usingizini, nchi za wenzetu, gari likinguruma upande wa pili wa ukuta.

Binamu alinunua stata ya mtumba Ilala. Hasira zilimwisha mzee alipomwambia gharama ya kuunga waya ule, maana ilikuwa ndogo kuliko bia alizokunywa wiki ile. Jioni, kila kitu kimerudishwa, mzee akamwambia atoe ufunguo, afunge milango, arudi nyuma hatua kumi, abonyeze.

Krr. Fupi, safi. Injini ikakaa.

Akazima, akabonyeza tena. Krr. Akazima tena. Vijana wa gereji wakaanza kucheka.

"Basi mwanangu," mzee akasema huku akikusanya bisibisi zake, "utanimalizia betri hapa."